Makaburi ya Kariakoo Yako Wapi?

Kila aliyewahi kufika Dar es Salaam anaijua Kariakoo. Umeenda kununua vitenge, viatu, vifaa vya simu, mbegu za mchicha. Umesukumwa na mkokoteni, umekanyagwa, pengine umeibiwa. Nairobi nao wana Kariokor yao. Jina ni lile lile moja: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, wapagazi waliwekwa pale. Watu wakalitamka jina kadiri ulimi ulivyotaka, likabaki.

Bibi yangu, Mgogo wa Mpwapwa, alikuwa na sentensi moja kuhusu babu yake: "Alikwenda Kariakoo, hakurudi." Nilipokuwa mtoto nilidhani mzee alipotelea sokoni. Nilimwona kichwani mwangu akizunguka kati ya meza za nyanya, ameshika kofia, anauliza njia ya kurudi nyumbani. Nilifika chuo kikuu ndipo nikaelewa kwamba bibi alikuwa ananisimulia habari ya vita.

Nina hasira, na sitaki kuificha. Nimechoka kusikia kwamba hawa watu "wamesahauliwa". Kusahau ni kitu cha bahati mbaya. Unasahau funguo, unasahau siku ya kuzaliwa ya shemeji. Hawa hawakusahauliwa. Kuna watu walikaa mezani, wakajadili kama wapagazi wetu waandikwe majina au wasiandikwe, wakaamua wasiandikwe.

Tuanze na kilichotokea. Afrika Mashariki ya 1914 ilikuwa na reli mbili tatu, barabara karibu hakuna, na mbung'o waliokuwa wakiua farasi, punda na maksai kwa wiki chache tu. Mwingereza na Mjerumani walitaka kupigana hapa. Nani abebe risasi, unga, mahema, machela, na mvinyo wa maofisa? Wakachukua watu. Mwanzoni walikuwapo waliojiandikisha kwa hiari, kisha machifu wakapewa idadi ya vijana wa kutoa, kisha ikawa kukamatwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Uingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, na kule Malawi na Zambia ambako waliitwa tengatenga. Mjerumani alichukua wake. Mbelgiji aliyeingia Tabora Septemba 1916 aliingia kwa migongo ya Wakongo.

Karibu laki moja ya wapagazi wa Mwingereza walikufa. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, unga mbovu ambao hawakupewa muda wala kuni za kuupika ukaiva, na mvua za nchi wasiyoizoea. Na waliobaki nyumbani? Kule kwetu Ugogo majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima. Mvua ilipokataa, ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Bibi aliitaja Mtunya kwa sauti ya chini, kama anamtaja mtu aliyekaa chumba cha pili.

Sasa nenda Posta, kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na barabara ya Maktaba. Wengi wetu tunaitumia kuelekezana tu: "nakusubiri Askari." Siku moja simama usome maandishi yake. Yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Yanawaheshimu wapagazi kwa kusema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Jina lipi? Hakuna hata jina moja pale.

Maneno yale ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling, mwandishi mkubwa wa himaya, mshindi wa Nobel ya 1907. Na Kipling alijua thamani ya jina kuliko wengi. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka 1915, akiwa na miaka 18. Baba alitafuta mwili wa mtoto kwa miaka, akafa mwaka 1936 bila kujua kaburi lake. Alifanya kazi na Tume ya Makaburi ya Vita ili kila kijana wa aina ya John awe na jiwe, au angalau awe na jina kwenye ukuta. Jina la John liliandikwa ukutani kule Loos. Baba wa Mpwapwa, wa Machakos, wa Karonga, naye alikuwa na mtoto ambaye hakumwona tena. Kipling huyo huyo alimwandikia sentensi nzuri ya jumla. Simchukii Kipling kwa uchungu wake. Ninachouliza ni kwa nini uchungu wa baba mmoja ulistahili jina na wa mwingine ukastahili sitiari. Miguu na mikono, jamani. Mtu mzima anafanywa viungo, halafu tunaambiwa ni heshima.

Hapo ndipo watetezi huanza. Nimewasikia kwenye mijadala, na baadhi yao ni ndugu zetu kabisa.

Wa kwanza husema: kumbukumbu zilipotea, hali ilikuwa ngumu, nani angeandika majina ya watu wengi hivyo? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama serikali ile isingejua kuandika. Lakini wapagazi waliandikishwa, wakapewa namba, namba ikatiwa kwenye kibati na kuvalishwa. Vita ilipokwisha, ile serikali ya Kenya ilianzisha kipande: kila mwanamume Mwafrika aandikwe jina, achukuliwe alama za vidole, atembee na karatasi yake kwenye kikebe cha chuma shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika vita ilipomalizika. Lengo lilikuwa kibarua akitoroka shamba la mzungu akamatwe. Yaani Mwafrika hai anayeweza kukimbia kazi alikuwa na jina, mahali anapotoka, na alama ya dole gumba. Mwafrika aliyekufa akiwa kazini hakuwa na jina. Usiniambie walishindwa kuandika. Waliandika pale palipokuwa na faida.

Wa pili husema: usiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo, enzi zile kila mtu alifikiri hivyo. Si kweli. Tume ya Makaburi ilianzishwa mwaka 1917, na msingi wake ulikuwa usawa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo, rangi wala dini. Huo ni msingi wa enzi zile, na waliuandika wao wenyewe. Walijua. Ila ulipofika huku kwetu ukapigwa dana dana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ofisa wa Tume alizungumza na Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, na akaandika alichosikia: kwamba Gavana angependa makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na kwamba hakutaka kuzitazama hesabu za Waafrika waliokufa. Soma tena. Mtu anayesema hataki kuzitazama hesabu anajua hesabu zipo. Na makaburi yalikuwapo. Yakaachwa pori liyameze, na mji ukaja juu yake. Leo ukipita barabara ya kwenda Bagamoyo utaona makaburi ya vita ya Dar, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mstari. Kazi nzuri. Tujiulize tu ni kina nani walipewa nyasi za kukatwa.

Wa tatu ndiye mjanja zaidi. Husema: yameisha hayo, wameshaomba radhi. Ni kweli, Aprili 2021 Tume ilitoa ripoti, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni. Ripoti inasema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Naipongeza Tume kwa kuuanika uchafu wake, na kwa kuanza kuyatafuta majina. Lakini angalia hizo tarakimu mbili. Tofauti yake ni watu 234,000. Ujaze Uwanja wa Mkapa karibu mara nne. Watu wote hao wako kwenye neno "huenda". Hatujui kama walikufa au hatujui kama walihesabiwa, na radhi haiwezi kumwendea mtu ambaye hujui kama yupo.

Sisi wapenzi wa vitabu tusijifanye tuko pembeni. Vita ile ina fasihi yake. C. S. Forester alitoa The African Queen mwaka 1935, ikawa sinema maarufu mwaka 1951: Wazungu wawili, boti moja, mto, mapenzi. Wenyeji ni mandhari. William Boyd akaja na An Ice-Cream War mwaka 1982, riwaya yenye akili na kejeli, lakini bado macho tunayoazimwa ni ya Wazungu. Ilibidi tumsubiri Abdulrazak Gurnah. Paradise ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri vizuri kwa Kiswahili kama Peponi, inamwacha Yusuf akiukimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Afterlives ya 2020 ndiyo inayoingia ndani ya vita na kukaa na watu waliotoka humo na makovu. Na sisi kwa Kiswahili? Tuna utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, tuna Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tuna Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert juu ya vita ya pili. Kuhusu mpagazi wa 1917, mimi niliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari hadi chuo kikuu sikupewa hata kitabu kimoja. Tunaishi ndani ya jina lake, tunapanga fremu ndani ya jina lake, na hatuna mhusika.

Kuna atakayeuliza: ya miaka mia moja yana faida gani leo? Nitamjibu kwa aibu ya kazi yangu. Nimefanya uandishi wa habari miaka 11. Kwenye chumba kimoja cha habari nilichofanyia kazi, mtalii akifariki mlimani tulitafuta jina, umri, mji wake, alichoandika mtandaoni kabla ya kupanda. Wapagazi wawili wakifariki mlima ule ule, tuliandika "wapagazi wawili". Hakuna aliyetuamuru. Mimi mwenyewe niliandika sentensi hiyo, nikaenda kula. Gavana Byatt hakuwepo mezani kwangu.

Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, dunia ilitaja makadirio, kisha ikageukia mambo mengine. Tumezoea kulaumu "dunia", na inastahili lawama. Lakini mama wa Goma akilia redioni analia kwa Kiswahili. Wengi wa dunia hiyo wanahitaji mkalimani. Mimi na wewe hatuhitaji. Anasema "mwanangu", na tunaelewa neno zima, mpaka kwenye mfupa. Je, tulijua majina mangapi ya Goma? Mimi najibu kwanza: hakuna hata moja. Tulikuwa na lugha ya msiba mikononi mwetu, tukasubiri tarakimu kutoka Geneva.

Hivi ndivyo mtu anavyotolewa kwenye ubinadamu. Mara nyingi hakuna matusi wala ukatili wa wazi. Kuna karani mwenye daftari, na daftari lina safu ya jina na safu ya idadi, na mtu fulani ameamua nani anaingia safu ipi. Ukishawekwa kwenye safu ya idadi, kifo chako kinaweza kujumlishwa, kukadiriwa, kupunguzwa. Hakiwezi kuombolezwa.

Nadai vitu vitatu, na sidai kwa unyenyekevu. Uingereza ifungue kila daftari la wapagazi lililobaki, na Ujerumani na Ubelgiji vivyo hivyo, majina yatolewe na yawekwe mahali ambapo mjukuu wa Mpwapwa anaweza kuyasoma bila viza. Serikali zetu ziweke ukuta wa majina hayo Kariakoo penyewe, katikati ya kelele, si kwenye jumba ambalo watu huingia kwa kiingilio. Na sisi tunaoandika tuache kuandika "wapagazi wawili".

Kuna deni moja ambalo siwezi kumdai mtu. Bibi alifariki mwaka 2014. Sentensi yake naijua kwa moyo, nimeisimulia kwenye semina, nimeitumia kuanzia makala hii. Jina la babu yake sikuwahi kumuuliza. Miaka yote ile nilikaa naye barazani, akichambua mchicha, nikamuuliza habari za Mtunya, za Mjerumani, za mkoloni, nikarekodi kwenye simu. Nimesikiliza rekodi zote tena wiki hii. Anasema "babu". Kila mara anasema "babu" tu, na mimi nimekaa pale na kalamu, siulizi.

Kama bado una mzee nyumbani, mpigie leo.