Kutu Haifichwi kwa Rangi

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo akina mama wengi huwaachia waume zao: kutu kwenye gari la zamani la familia. Tumechagua Volkswagen Beetle, kwa kuwa ziko nyumba ambazo bado zinalitunza kama urithi wa baba au babu. Gari hili lina heshima yake. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally akiendesha Volkswagen. Lakini la mwisho kabisa lilitengenezwa Meksiko mwaka 2003, kwa hiyo hata lililo changa limeshazeeka, na kutu haina huruma.

Kwa nini litusumbue sisi? Kwa sababu kutu iliyo mbaya zaidi haiko kwenye madigadi yanayoonekana. Iko sakafuni, miguuni pa watoto. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi ikimwagika hula bati lililo chini yake. Njia za hewa ya joto zilizo chini ya milango nazo hushika maji zikaoza, na hizo ndizo zinazoipa bodi nguvu. Tena hewa hiyo hupata joto kutoka kwenye ekzosi. Vikasha vyake vikitoboka, moshi huingia ndani.

Moshi huo una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtoto akiumwa kichwa, akitapika au kusinzia kila mnaposafiri, msiseme haraka kwamba ni kichefuchefu cha safari tu. Simamisheni gari, mtoeni nje apate hewa safi, kisha mumpeleke hospitali.

Wako mafundi wanaojaza puti juu ya kutu na kupuliza rangi. Gari hung'aa, lakini mvua zikipita rangi hutoka mapovu. Sisi wauguzi hatufungi bendeji juu ya kidonda kichafu, maana kitaendelea kuoza ndani. Bati nalo ni hivyo hivyo. Kabla ya kulipa, hakikisheni kwamba fundi atafanya haya:

1. Atang'oa betri, na kuondoa tangi la petroli lililo mbele kabla ya kuchomelea karibu nalo.
2. Atadunga bati kwa bisibisi apate kujua kutu imefika wapi, kisha atakata mpaka afikie chuma safi.
3. Atakata kiraka cha bati la unene ule ule na kukichomelea nukta moja moja, huku na huku, ili bati lisipinde kwa joto.
4. Atasafisha, atapaka rangi ya kuzuia kutu, na puti itakuwa nyembamba, ya kusawazisha tu.
5. Atapaka nta au mafuta sehemu za ndani zisizoonekana, na kuzibua matundu ya kutolea maji.

Kazi ikifanyika uani, watoto wakae mbali. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Msasa utumike kwa maji ili vumbi lisiruke, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Fundi akichomelea bati lenye zinki bila kuikwangua kwanza, jioni huweza kupata homa na kutetemeka mithili ya malaria. Homa hiyo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, lakini apimwe damu na aeleze kazi aliyoifanya. Atakayejikata aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mama mpenzi, zungumza na mzee wa nyumba kwa upole, wakati ametulia. Fedha zisipotosha, sakafu na ekzosi vitangulie, rangi isubiri. Ni heri gari lenye mabaka lililo salama kuliko linalong'aa huku watoto wamekaa juu ya bati lililooza. Na mpaka sakafu itakapotengenezwa, watoto wasipande.

Bwana wetu alipotaja kutu katika Mathayo 6, alitukumbusha kwamba hazina za duniani hazidumu. Gari litakwisha siku moja. Watoto tumekabidhiwa tuwalinde.