Bwana Msa kwenye kikao cha likelemba

Wengi wenu mlituuliza juma lililopita kwa nini siku ya Mungu, kisha ya misa, tunakaa chini ya mwembe kusoma vitabu vya mauaji. Vitabu vya afya vipo, vya dini vipo. Mama mmoja alisema wazi: "Vifo tunaviona hapa Mangobo bila kununua kitabu." Ana haki. Basi tuwaelezee tulivyofika pale.

Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Mohamed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957-58, kikachapwa mwaka 1960. Nakala yetu ilitoka Bunia ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, haina jalada. Tajiri mmoja mwenye mashamba anakutwa ameuawa pale kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita. Basi jibu linaonekana limekwisha kupatikana: wazee wa kale wamekasirika. Lakini anakuja Bwana Msa, mtu asiye polisi, kiko mdomoni, na rafiki yake Najum nyuma akishangaa. Kazi yake ni kuuliza na kusikiliza: nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa na neno na marehemu. Mwishoni tunaona kwamba mkono uliofanya kazi ile ulikuwa wa mtu, mwenye sababu za mtu.

Kiswahili cha Unguja kinatushinda mahali pengi. Tunasoma ukurasa, tunasimama, tunaelezana kwa Kiswahili chetu, na Lingala ikihitajika. Hivyo tunakwenda polepole, na polepole ile ndiyo ilitusaidia.

Maana tulikuwa bado katikati ya kitabu wakati pesa za likelemba zilipopotea. Tuko wamama kumi na wanne, kila mmoja anatoa franka 5.000 kwa juma. Siku ya kumpa mwenye zamu, mama anayetunza mkebe aliufungua mbele yetu: franka 22.000 tu ndani. Alilia sana, na sisi tukalia naye. Ndani ya nyumba yake anaishi msichana wa miaka kumi na moja, mtoto wa dada yake marehemu. Kabla jua kuzama, jina la mtoto yule lilikuwa limekwisha kutajwa. Kwanza kama mwizi. Kesho yake maneno yakageuka: ana mambo ya usiku, tangu aingie nyumba ile biashara imekufa, hata kuku hawatagi. Ikapangwa kumpeleka kwenye chumba cha maombi, afunge bila kula mpaka akubali.

Na sisi? Siku mbili tulinyamaza. Tuliogopa kuonekana tunamtetea mchawi. Tuseme na hili: sisi tunaofundisha tunajua vizuri njia ile. Kalamu ikipotea darasani, macho yetu yanakwenda kwanza kwa mtoto mwenye shati lililochanika.

Ni mama mmoja muuza makala, asiyejua kusoma, aliyevunja kimya. Alisema: "Lakini Bwana Msa angeuliza mkebe ulihesabiwa siku gani." Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu hakuna aliyejua. Tukaomba daftari. Wamama wawili walikuwa wameandikwa kwamba wamelipa, nao wakasema hapana, tuliahidi kulipa kesho. Hapo elfu kumi zikaondoka kwenye hesabu, hazikuwahi kuingia. Zilibaki 38.000. Nani alifungua mkebe mara ya mwisho, na kwa nini? Ufunguo unakaa wapi? Ulikuwa unakaa shingoni mwa mama mwenyewe, kwenye kamba, usiku na mchana. Mtoto angeupitia wapi?

Mama yule hakukawia. Alikuwa amechukua pesa kununua mafuta ya ngazi Isangi, ayauze hapa na kurudisha kabla ya siku ya zamu. Mtumbwi wa mota ulikawia njiani. Hakuwa na nia ya kuiba, na tunamwamini. Ila siku tatu alisikia watu wakimuita mtoto wa dada yake mchawi, na hakusema neno. Hilo ndilo gumu kwetu mpaka leo, na tumekwisha mwambia mbele yake, kwa hiyo hatumsengenyi hapa.

Pesa zimerudi zote. Mtoto amerudi masomo, lakini sasa halali ndani ya nyumba ile; bibi yake alikuja kumchukua kwa toleka, na kifurushi chake kimoja.

Mjue pia kwamba sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inasema katika kifungu cha 160 kwamba anayemsingizia mtoto uchawi anafungwa tangu mwaka mmoja hadi mitatu na kulipa faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000. Katiba ya mwaka 2006 nayo, kifungu cha 41, inakataza. Tulisoma vifungu hivyo kwa sauti kikaoni. Wengine walikuwa wanavisikia mara ya kwanza, na mmoja alitoka nje.

Kitabu kinachofuata ni cha Kifaransa, Maigret a peur, cha mwaka 1953. Mwandishi ni Georges Simenon, Mbelgiji wa Liège, ambaye mwaka 1932 alivuka nchi yetu hadi Matadi, ambako ndugu yake alikuwa akifanya kazi. Kamishna Maigret ni polisi wa Paris, lakini safari hii hana mamlaka: amekwenda mji mdogo kumsalimia rafiki yake hakimu. Watu wanauawa, mji una hofu, wanaume wanaunda kikundi cha kulinda usiku, na kila mdomo una jina lilelile. Hatutawaharibia mwisho. Tuseme tu kwamba jina lile halikuwa la muuaji, na mwenye jina hakubaki hai kusikia hivyo. Tulipokisoma peke yetu usiku, tulikifunga kwa muda tukatoka nje kupata hewa.

Tutakitafsiri ukurasa kwa ukurasa, hivyo asiyejua Kifaransa asibaki nyumbani. Tunaanza siku ya Mungu saa tisa, mahali palepale. Mwenye kiti alete kiti. Muuza makala amekwisha sema atakaa mbele.