Malezi ya Watoto na Mikutano ya Skuli

Mwezi uliopita tulialikwa kuhudhuria mkutano wa wazazi katika skuli moja ya msingi iliyopo pwani ya mashariki ya Unguja. Mkutano uliitishwa saa nne za asubuhi. Mwalimu Mkuu alikuwa tayari, walimu walikuwa tayari, Sheha alikuwapo, na mabenchi yalikwisha kutolewa madarasani yakapangwa chini ya mwembe. Hata ilipofika saa tano kasorobo waliokuwa wamekaa juu ya mabenchi hayo walikuwa ni wazee wachache na mama mmoja aliyempakata mtoto mchanga. Mkutano ukafunguliwa kwa dua, taarifa ya skuli ikasomwa, na karibu kila aliyesimama alisema maneno yale yale, kwamba wazazi wa siku hizi hawajali malezi ya watoto wao.

Sisi tulipogeuka tukaitazama bahari tuliona jambo jingine. Ilikuwa ni bamvua. Maji yalikuwa yamekauka hadi mbali, na wale wazazi tuliokuwa tukiwalaumu tulikuwa tukiwaona kwa macho yetu, wameinama katika mashamba yao ya mwani.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu suala la tabia za watoto wetu limekuwa likizungumzwa sana katika Visiwa hivi, misikitini, barazani na hata katika vikao vya Chama, na mara nyingi mazungumzo hayo huishia katika lawama. Mwalimu humlaumu mzazi, mzazi humlaumu mwalimu, na wote wawili huilaumu simu ya mkononi. Mtoto mwenyewe hukua akiwa katikati ya lawama hizo, wala hapana anayemngojea.

Hapana Mzanzibari asiyejua thamani ya skuli. Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo mtoto wa mkulima na wa mvuvi amekaa benchi moja na mtoto wa mkubwa. Wananchi nao hawakukaa mikono mitupu. Skuli nyingi za vijijini zimesimama kwa sababu wanakijiji walichimba mawe, wakachoma chokaa, wakanyanyua kuta kwa nguvu zao, na Serikali ikaja kumaliza kwa mapaa na samani. Tunayataja haya ili tuseme kwamba watu walioweza kubeba mawe kichwani kwa ajili ya skuli ya watoto wao hawawezi kuambiwa leo kwamba hawawapendi watoto hao. Ikiwa hawaji mkutanoni, iko sababu, na ni wajibu wa viongozi kuitafuta.

Sababu ya kwanza ni hiyo ya wakati. Kilimo cha mwani kilipoanza katika mwambao wa mashariki mwaka 1989 kilibadilisha siku nzima ya mwanamke wa pwani. Kwa sasa wengi wa wakulima wa zao hilo ni akina mama, na kazi yao haifuati saa ya ofisi bali hufuata maji. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba katika bamvua, mwanzoni mwa mwezi na mwezi unapokuwa mpevu, maji hukauka sana katika nyakati za saa nne na saa tano asubuhi. Basi kumwita mama huyo skuli saa nne ya bamvua ni sawa na kumwambia achague baina ya chakula cha mtoto wake na heshima ya mtoto wake. Baba naye, ikiwa ni mvuvi wa dagaa, huvua usiku wa kiza na asubuhi amelala. Ikiwa amekwenda dago, hayupo kijijini kabisa.

Jambo hili halihitaji fedha wala semina. Linahitaji Mwalimu Mkuu na Kamati ya Skuli watazame mwezi kabla ya kuandika barua. Maji mafu huja baina ya mwezi 8 na 10, na tena baina ya mwezi 23 na 25. Siku hizo maji hayakauki ya kutosha kwa kazi ya mwani, na baada ya sala ya Alasiri watu wengi wapo majumbani. Babu zetu waliitisha shughuli zao zote kwa hesabu hiyo, na hatukupata kusikia harusi iliyokosa watu kwa sababu ya bamvua. Tunawaomba Maofisa wa Elimu wa Wilaya wasiwabane walimu kwa ratiba moja kwa skuli zote, ya mjini na ya pwani, ya Unguja na ya Pemba.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na tuliisikia katika mkutano ule ule kutoka kwa mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma. Alisimama akasema kwamba katika miaka minne aliyokuwa na mjukuu wake katika skuli ile amepata barua tatu. Ya kwanza ilihusu mchango, ya pili ilihusu kioo cha dirisha kilichovunjwa, na ya tatu ilikuwa ni mchango tena. "Skuli hainijui," alisema, "ila mtoto akikosa au pesa zikikosekana."

Watu walicheka. Lakini mwalimu mmoja wa kike hakucheka. Alinyanyuka akaeleza kwamba mjukuu huyo huyo, katika muhula huu, aliokota noti ya shilingi elfu mbili katika kiwanja cha skuli akampelekea yeye mkononi, na mwenyewe alipotafutwa akapatikana. Mzee aliuliza ni lini. Mwalimu akasema yapata mwezi mmoja na nusu. Mzee akakaa, na kwa muda hakusema neno. Alikuwa amekaa na mtoto yule nyumba moja siku zote hizo, akimkemea kwa kioo, wala hakujua kwamba mtoto ameleta heshima katika ukoo.

Kwa maoni yetu hapo ndipo lilipo tatizo. Habari za skuli zinazofika nyumbani ni habari za makosa. Mzazi akiona barua yenye muhuri wa skuli, moyo humdunda kama aliyeitwa kituo cha polisi, na mtu hukimbia kile kinachomtia hofu na haya. Mtoto naye hujifunza kwamba wema hauandikwi. Atakuwa mwerevu wa kuficha kosa, kwa sababu kosa ndilo pekee linalosafiri kutoka skuli hadi nyumbani. Tungependa kuona kila mwalimu wa darasa akiandika, japo mstari mmoja katika daftari la mtoto, pale mtoto anaposema kweli penye kishawishi cha uwongo, anapomsaidia mwenzake mlemavu, au anapokuja skuli kila siku katika mwezi wa mvua. Tunajua madarasa ni makubwa na kazi ya mwalimu ni nzito. Hatusemi aandike habari za watoto wote kila siku. Watoto watano kwa wiki wanatosha, na mwaka hautakwisha ila kila nyumba imepata neno jema.

Tukija upande wa nyumbani, hatuna budi kusema bila ya kuoneana haya. Wapo wazazi wanaodhani kwamba kumnunulia mtoto sare, mkoba na madaftari ndiyo mwisho wa malezi. Waliotusomesha chuoni walitufundisha Sura ya Luqman, na tulipokuwa watoto tuliihifadhi bila ya kuzingatia kitu kimoja. Luqman hakumtuma mtu kumnasihi mwanawe. Alikaa naye mwenyewe, akamwita kwa neno la mapenzi, ndipo akamweleza habari ya Mola wake, ya sala, ya subira, ya kutotembea kwa kiburi na ya kuteremsha sauti. Alitaja mambo makubwa, akayafuatisha na namna ya kutembea na kuzungumza, kwani mzazi mwenye hekima hakuona kwamba mwendo wa mtoto ni jambo dogo. Mwana Kupona binti Mshamu naye, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, hakuacha wasia wake kwa mwalimu yeyote. Aliutunga mwenyewe kwa ajili ya binti yake. Tunaweza leo kuhitilafiana naye katika baadhi ya aliyousia, lakini alijua kwamba kazi hiyo ilikuwa ni yake.

Na kazi yenyewe hufanyika katika mambo ya kila siku. Mtoto akirudi na kalamu isiyokuwa yake, mama akauliza imetoka wapi, akasubiri jibu, na kesho yake akahakikisha imerejeshwa, mama huyo amefundisha uaminifu kuliko khutuba kumi. Baba akimwambia mtoto aseme kwamba hayupo nyumbani ilhali yumo chumbani amejificha mdai wake, naye amefundisha pia. Mtoto wa kiume akiachiwa akae barazani huku dada yake akichota maji, akiosha vyombo na kumlea mdogo wao, kisha wote wawili wakatakiwa wafanye mtihani mmoja, tumewafundisha wote wawili dhuluma, mmoja kwa kuitenda na mwingine kwa kuizoea. Jambo hili la mwisho husemwa kidogo mno katika mikutano yetu, labda kwa sababu wasemaji wengi ni wanaume.

Kazi za mikono hazina ubaya. Huko Pemba watoto wengi wamelelewa vyema juu ya jamvi la karafuu, wakichambua makonyo pamoja na mama na bibi, wakisikia hadithi, na katika misimu mikubwa skuli zimewahi kufungwa ili watoto wasaidie kuchuma. Mtoto huyo alifanya kazi mbele ya macho ya wazee wake. Yule anayetoroka skuli akafuata dago peke yake, akalala ufukweni na watu wazima asiowajua, akarudi na pesa ambazo hapana anayeuliza zimepatikanaje, huyo hakulelewa na kazi. Ametupwa. Masheha na mabalozi wa nyumba kumi wanawajua watoto hawa kwa majina, na hatuoni udhuru wa kunyamaza.

Zamani, husemwa, mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Mtu mzima yeyote aliweza kumkanya, na mtoto aliogopa kufika nyumbani kabla ya habari yake. Tunaikumbuka desturi hiyo, na tulionja faida yake. Lakini tusiipambe kupita kiasi. Palikuwa na mzazi aliyempeleka mwanawe chuoni akamwambia mwalimu kwamba nyama ni yake na mifupa ndiyo atakayorudishiwa, na wako watu wazima leo wenye alama za ahadi ile miilini mwao. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imekataza kumtesa mtoto na kumfanyia ukatili, na sheria hiyo haikubagua baina ya nyumbani, skuli na chuoni. Tena tumejifunza kwa uchungu, katika kesi za udhalilishaji, kwamba si kila mtu mzima anayemwita mtoto "mwanangu" ana nia ya mzazi. Kwa hiyo kijiji kilee, na mzazi ajue ni nani katika kijiji anayelea.

Kuna daraja moja ambalo lingeweza kusaidia na ambalo halijajengwa. Mtoto wetu wa kawaida huwa na walimu wawili, wa skuli na wa chuoni. Pale skuli zilipo na mikondo miwili, huenda chuoni asubuhi na skuli mchana, au kinyume chake. Walimu hao wawili hukaa shehia moja, husali msikiti mmoja, humfundisha mtoto mmoja, na yumkini hawajapata kukaa pamoja hata mara moja kumzungumza mtoto huyo. Mmoja anajua kwamba anasinzia, mwingine anajua kwa nini. Mikutano ya wazazi ingepata nguvu kubwa lau walimu wa vyuo wangealikwa kwa barua, wakakalishwa mbele, na wakapewa nafasi ya kusema.

Sisi wa Chama nasi tuna sehemu yetu ya lawama. Tunayo Jumuiya ya Wazazi ambayo jina lake peke yake ni ahadi. Tunao Chipukizi tunaowapanga kwa gwaride siku za sherehe, tukapiga makofi, tukawarejesha makwao, na mara nyingi hatukumbuki kuuliza kama siku ya pili yake walikwenda skuli. Tawi linaloweza kukusanya watu kwa lori kuja kumsikiliza kiongozi linaweza pia kuwahimiza wazazi hamsini waende kumsikiliza mwalimu wa darasa la pili.

Kabla ya mkutano ule kufungwa, yule mama aliyempakata mtoto aliomba ruhusa, akashauri mkutano mwingine uitishwe maji yakifa, baada ya Alasiri, na kila mwalimu wa darasa aje na daftari la wanafunzi wake na jambo moja jema la kila mtoto. Mwalimu Mkuu alimtazama Sheha, Sheha akatazama bahari, na wote wakakubali. Siku iliyochaguliwa ni mwezi 9 wa mwezi ujao, panapo majaaliwa. Tumekwisha kuomba tuwekewe nafasi katika benchi la nyuma, karibu na yule mzee.