Kiyoyozi cha Gari Lililoegeshwa Si Israfu

Miongoni mwa itikadi ambazo watu huzishika kwa nguvu bila ya kuzipima, ipo moja ambayo husikika kila panapozungumzwa habari ya magari ya umeme hapa Isiolo, nayo ni ile isemayo kwamba gari la namna hiyo likisha kuegeshwa ni lazima kiyoyozi chake kizimwe papo hapo, hata kama ndani yake wamebaki abiria, kwa sababu kitamaliza betri na kumwacha mwenyewe njiani baina ya Archers Post na Merille. Magari yenyewe bado ni machache katika barabara yetu, lakini itikadi imekwisha kuyatangulia. Na imefuatana na nyingine, kongwe kuliko yenyewe, kwamba abiria waliosalia ndani hawadhuriki na kitu madhali vioo vimeteremshwa kidogo. Nasema kwa yakini kwamba zote mbili ni batili, kwamba ya kwanza ni kosa la hesabu na ya pili ni hatari kwa roho za watu, na kwamba dereva azimaye kiyoyozi ili kuokoa betri, ilhali amewaacha ndani mzee, mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga, amewatoza wanyonge ushuru usiomfaidi hata yeye mwenyewe.

Insafu yataka tuseme itikadi hii imetoka wapi, maana haikuzuka bure. Katika gari la petroli au dizeli, kompresa ipozayo hewa huzungushwa na mkanda uliounganishwa na injini, hivyo injini ikizimwa upoaji nao hukoma, na kinachobaki ni feni inayopuliza hewa ya moto kwa nguvu ya betri ndogo ya volti 12, ambayo akiba yake yote kwa kawaida haizidi sana nusu uniti ya umeme, uniti ile ile tuinunuayo kwa tokeni za nyumbani. Dereva aliyewahi kuacha redio na taa zikiwaka katika gari lililozimwa, kisha akarudi akakuta injini haitaki kuwaka, akalazimika kuwaomba vijana wa stendi wamsukume, amejifunza somo la haki kabisa, wala hapana wa kumlaumu akilishika maisha yake yote. Taksiri yake ni kulichukua somo hilo na kulihukumia gari ambalo halikutengenezwa kwa namna ile.

Gari la umeme halina injini ya kuzungusha kompresa. Kompresa yake ni ya umeme, nayo hula moja kwa moja kutoka betri kubwa inayoendesha magurudumu. Nissan Leaf, ambayo ilitumiwa na kampuni ya NopeaRide kwa teksi zake jijini Nairobi tangu mwaka 2018, ilipotoka mara ya kwanza mwaka 2010 ilikuwa na betri ya uniti 24, na toleo lake la pili likaja na uniti 40. BYD Atto 3 nayo hupatikana na betri ya uniti 60. Anayeziogopea betri hizi kwa kipimo cha ile ya volti 12 anaogopea kitu kilicho kikubwa mara hamsini au mia kuliko kile kilichomtia hofu hapo awali.

Tuhesabu basi, maana hoja hii haikatwi kwa kelele. Kiyoyozi kinapoanza kulipoza gari lililokuwa likiungua juani huweza kuvuta kilowati tatu au zaidi, lakini hayo ni ya dakika chache za mwanzo. Hewa ikisha kupoa, nguvu ya kuuhifadhi ubaridi huo hushuka, na katika jua kali aghalabu huwa baina ya kilowati moja na mbili. Dereva aweza kuyashuhudia haya kwa macho yake: aliwashe gari, asikie mvumo mdogo wa kompresa chini ya boneti pahala pa mngurumo wa injini, kisha aitazame skrini, ambayo katika Leaf huonyesha kiyoyozi peke yake kinakula kiasi gani, naye ataiona alama ikipanda, ikasimama kitambo, kisha ikateremka polepole kadiri viti na usukani vinavyopoa. Tukichukua kilowati moja na nusu kuwa wastani, saa nzima ya kungoja itakula uniti moja na nusu, ambayo katika betri ya uniti 40 haifiki sehemu nne katika mia. Na kwa kuwa gari la kadiri hiyo hula takriban uniti 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100 za mwendo, saa hiyo ya ubaridi ni sawa na kilomita nane hadi kumi za njia, yaani kama robo ya safari ya kutoka hapa kwenda Archers Post. Hayo ndiyo yote yanayopotea. Na wale wasemao kwamba kiyoyozi kikiwaka kwenye egesho huiharibu betri, nawaomba wafikiri kwamba gari liendalo kilomita 90 kwa saa huvuta karibu mara tisa ya nguvu hiyo, na hapana asemaye kwamba kuliendesha gari ni kuliharibu.

Fauka ya hayo, betri ya mtu wa Isiolo ina wezi wengine, wakubwa kuliko kiyoyozi, ambao hakuna awatajaye. Mji wetu umekaa kwenye kimo cha takriban mita 1,100 juu ya bahari, na atokaye hapa kwenda Nanyuki hupandishwa na barabara kupita Subuiga hadi nyanda za Timau, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Na kulipandisha gari lenye uzani wa karibu tani mbili kimo cha mita 1,000 hutaka takriban uniti 5, mbali na zile za mwendo wenyewe. Mlima mmoja, basi, hula umeme wa saa tatu na zaidi za kiyoyozi, ingawa sehemu yake hurudi betrini gari linapoteremka kwa kujizuia lenyewe. Hali kadhalika mwendo wa kasi: anayekwenda kilomita 110 kwa saa badala ya 90 hupoteza uniti tatu au nne katika kila kilomita 100, kwa kuwa upepo humpinga zaidi kila azidishapo kasi. Na dereva yule yule anayekimbia njia nzima ndiye afikaye mjini akazima kiyoyozi juu ya vichwa vya abiria kwa jina la kuweka akiba.

Sasa tuitazame itikadi ya pili, ile ya vioo vilivyoteremshwa kidogo, ambayo ndiyo yenye kuumiza. Pita adhuhuri penye maegesho ya hospitali, au kando ya soko la mifugo siku ya mnada, wakati ambapo joto la kivulini hapa kwetu hukaribia sentigredi 30, nawe utaona gari limefungwa, kioo kimeteremshwa upana wa vidole viwili, na ndani yake mwanamke aliyekunja leso yake akimpepea mtoto. Ukikigusa kifungo cha chuma cha mkanda hakishikiki. Nywele za mtoto zimelowa na kuganda kwenye paji la uso, mashavu yamewiva, na ameacha kulia. Wapitao husema ametulia, kumbe mtoto aliyenyamaza ndani ya joto la namna hiyo ndiye wa kukimbiliwa.

Sababu yake si siri. Nuru ya jua hupenya kiooni, ikaipiga dashibodi na viti, navyo vikatoa joto ambalo kioo hakiliachi kutoka kama kilivyoiacha nuru kuingia. Mwaka 2005 jarida la matibabu ya watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha vipimo vilivyofanywa katika jua la California, vikaonyesha kwamba joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kwa wastani wa sentigredi 22 katika muda wa saa moja, na kwamba sehemu 80 katika mia za ongezeko hilo huja katika nusu saa ya kwanza, hata siku ambayo nje hakuna joto kubwa. Na vioo vilipoteremshwa kidogo havikuleta tofauti ya kutajika. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona State walipima magari yaliyoachwa juani katika kiangazi cha huko, wakakuta kwamba baada ya saa moja hewa ya ndani imefika sentigredi 47 na dashibodi sentigredi 69. Wakakadiria kwamba mtoto wa miaka miwili angefikia joto la mwili la sentigredi 40, ambalo ndilo mlango wa kiharusi cha joto, katika muda wa takriban saa moja akiwa katika gari lililo juani, na katika muda usiotimia saa mbili likiwa kivulini. Mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima, na mzee naye hapozwi upesi na jasho lake. Ukiweka upande mmoja sehemu nne katika mia za betri, na upande wa pili mwili wa binadamu unaopata joto namna hii, sioni vipi mtu mwenye akili timamu aweza kusita.

Walakini dereva wa petroli atasema kwamba yeye naye huacha injini ikinguruma abiria wakapata ubaridi. Ni kweli, lakini hulipa takriban lita moja ya mafuta kwa saa, ikizidi au kupungua kwa ukubwa wa injini, ilhali uniti moja na nusu ya umeme wa nyumbani haifiki bei ya nusu lita. Na pamoja na gharama hiyo hutoa moshi wenye kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika gereji au ua uliozibwa imewahi kuua watu waliokuwa wamelala garini. Gari la umeme halina bomba la moshi. Ndilo gari la kwanza ambalo laweza kumhifadhi aliyemo ndani bila ya kumdhuru yeye wala aliyesimama nje; na umeme wa nchi hii, ambao zaidi ya sehemu 80 katika mia hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hutoka kwa kiasi chake katika upepo wa Loiyangalani kule Marsabit, penye mitambo ya megawati 310. Ni haki basi kwamba mtu wa kaskazini apoe kwa upepo wa kaskazini.

Wapo wacha Mungu wasemao kwamba kuwasha mtambo wa kupoza hewa katika gari lisiloenda ni israfu, na kwamba wazee wetu walikaa chini ya mgunga wakaridhika. Neno lao la kwanza ni zuri mahali pake, maana kumwaga neema ovyo ni dhambi. Lakini kitu kinachotolewa kiasi cha haja ili kuhifadhi afya ya mja hakimwagwi ovyo. Na juu ya mgunga, mwenye afya na akae chini yake, hewa ya kivuli ni njema na haina bei. Ila usimwambie ashuke mgonjwa aliyetoka kushonwa, wala mama aliyejifungua jana, wala kikongwe asiyeweza kukunja goti. Hao gari ndiyo nyumba yao mpaka shughuli iishe, na dereva ni mdhamini wao.

Sikanushi kwamba hofu ya njia ndefu ina msingi. Marsabit iko zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa, na Leaf ya uniti 40 haifiki huko kwa chaji moja. Mtu aliyebakiwa na betri kidogo ana haki ya kuhesabu kila uniti. Lakini hesabu hiyo na ifanywe kabla ya safari: gari lipozwe lingali kwenye chaji, ili umeme wa kupoza utoke ukutani, liegeshwe kivulini, kioo cha mbele kifunikwe, na mwendo upunguzwe. Kadhalika dereva na alijue gari lake. Katika magari mengi kiyoyozi hakiwapozi wanaongoja ndani mpaka gari liwe limewashwa kikamilifu kama la kuondoka, na anayeliacha nusu-nusu huila betri ndogo ya volti 12, ambayo gari la umeme nalo linayo, na hapo ndipo itikadi ya zamani hupata ushahidi wa uongo. Magari mengine hujizima yenyewe baada ya muda, mengine yana kitufe cha kuyazuia. Tesla, kwa mfano, ina mpango maalumu wa kuhifadhi ubaridi kwa wanaolala au kungoja ndani, nao hukoma betri ikiteremka hadi sehemu 20 katika mia. Kwa ajili hiyo mtoto hasaidiwi na kiyoyozi peke yake: asiachwe kamwe bila ya mtu mzima aliye macho, anayejua kufungua mlango, hata kama gari limepoa kama asubuhi ya Timau.

Nawasihi basi wenye magari ya umeme, na wale wanaokusudia kuyaleta kwa ajili ya teksi, hoteli za mbugani na kuwasafirisha wagonjwa, wawafundishe madereva wao hesabu hii kabla ya kuwakabidhi ufunguo, na wasimkate mshahara dereva aliyerudi na betri pungufu kwa sababu ya kumpoza mgonjwa. Na wewe abiria uliyeambiwa ufungue kioo uvumilie, usione haya kuomba kiyoyozi kiwashwe, kwa kuwa gharama yake ni uniti moja na nusu kwa saa, na hakuna abiria wa Isiolo asiyestahiki kulipiwa gharama hiyo.