Hao Wenye Fulana Si Wahudumu

Kwenye makongamano yetu ya kitaaluma wanajulikana kwa fulana: rangi moja, nembo kifuani, kitambulisho kikining'inia shingoni. Mgeni akifika anawakabidhi begi, anauliza msalani ni wapi, anapokea kalamu na daftari, basi. Watu wengi wanaamini kwamba wanafunzi hao wamefuata cheti, posho na sahani ya pilau, na kwamba taaluma yenyewe iko ndani ya ukumbi, kwa wenye shahada zao.

Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokaa alasiri nzima na kamati ya wanafunzi iliyokuwa ikipanga ratiba. Mezani palikuwa na ikisiri zilizochapwa, mkasi, gundi na chupa ya chai iliyokwisha kupoa. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alishika ikisiri mbili, moja ya majina ya kanga, nyingine ya maandishi ya kwenye daladala. Mhadhiri mlezi alikuwa amezitenga: hii fasihi simulizi, ile isimujamii. "Mwalimu, hawa wanauliza swali moja," binti akasema. "Nani anamsema nani bila kumtazama usoni?" Akazibandika pamoja. Siku ya siku, kikao hicho kilijaa hadi watu wakasimama mlangoni, na ubishi ukaendelea kwenye foleni ya chakula.

Sasa niambieni, hiyo ni kazi ya kubeba viti?

Atakayesema nimeokota mfano mmoja aitazame CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Huko wanafunzi ndio wanaoandaa na ndio wanaowasilisha. Kijana anayezungumza Kirundi nyumbani kwao anasimama mbele ya Mzanzibari kutetea hoja yake kwa Kiswahili.

Wala si mambo ya leo. Mwaka 1967, pale chuoni Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi walianzisha chama cha kimapinduzi cha USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, mwanafunzi kama wenzake. Waliendesha madarasa ya Jumapili, wakamsikiliza mwanaharakati wa Marekani Stokely Carmichael, na mwaka 1969 wakaanza kutoa jarida la Cheche, Karim Hirji akiwa mmoja wa wahariri. Insha ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaendayo kimyakimya ilitoka humo mwaka 1970, na wasomi bado wanairejea. Novemba mwaka huohuo chama na jarida vyote vikapigwa marufuku. Wabeba viti hawapigwi marufuku.

Wanaowabeza wana hoja moja yenye uzito, na siikwepi: hesabu. Risiti hupotea, na kila mwaka kamati mpya inaanza na sifuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuingoja nauli yangu miezi minne, nikapiga simu mpaka nikachoka. Lakini tujiulize kwa nini. Waandaaji wakishahitimu wanaondoka na kundi lao la WhatsApp, pamoja na namba ya mwenye hema na jina la karani anayejua kuharakisha barua. Hakuna mhadhiri aliyekaa nao akawauliza walifanyaje, kwa sababu hakuna aliyedhani wana la kueleza. Uzembe huo ni wetu sisi wakubwa.

Kwa hiyo waandaaji wa kongamano lijalo, andikeni majina ya wanafunzi hao kwenye kitabu cha ikisiri, na mbele ya kila jina mada anayoitafiti. Ule mstari wa "tunawashukuru pia wanafunzi wote" haumtambulishi mtu.

Yule binti wa gundi, nilimuuliza siku ya mwisho tukila, alikuwa akiandika utafiti wake wa kuhitimu kuhusu majina ya mashua na ngalawa za Bagamoyo. Katika ratiba aliyoipanga yeye mwenyewe hakuwa na hata dakika tano.