Ukambani Wanajua Kula

Kila ukame ukipiga Kitui na Makueni, lazima atokee mtaalamu kwenye runinga kutuambia eti watu wa huko wanahitaji "kuelimishwa kuhusu lishe". Nimechoka na hiyo sentensi. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kuhesabu kilicho shambani kwa shangazi yangu, upande wa Mwingi, sihitaji digrii: ndengu, kunde, mbaazi, mtama, malenge, mahindi. Isyo ya nyumba ile ni mahindi na kunde sufuria moja. Muthokoi inatwangwa kinuni mpaka ganda litoke, kisha inapikwa na mbaazi. Protini inayokosekana kwenye mahindi inapatikana kwenye kunde. Hakuna aliyemfundisha shangazi hayo kwenye semina ya hoteli.

Swali ni nani anakula hizo ndengu.

Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili na kitu, kwa hivyo zinaingia nyumbani mwezi wa kwanza, wa pili. Na Januari, si unajua, shule zinafunguliwa. Karo, sare, madaftari. Broka anaijua kalenda hiyo kuliko waziri. Anapaki lori sokoni na kutaja bei, akijua hakuna mama atakayemwambia arudi Mei. Ukijaribu kungoja, wadudu wanaanza kutoboa punje ndani ya gunia. Basi ndengu zinaenda kwa bei ya broka, pesa inapita mkononi kuelekea shuleni, na katikati ya mwaka familia iliyovuna protini ya kulisha Nairobi inanunua unga mweupe dukani. Ugali na sukuma. Halafu mtaalamu anasema hawajui kula!

Wala msiniletee hadithi ya "turudi kwa mtama" kana kwamba watu waliuacha kwa uvivu. Mtama unastahimili jua, ndiyo. Lakini unataka mtu wa kufukuza ndege tangu alfajiri hadi magharibi, na watoto waliofanya kazi hiyo sasa wako darasani, ambako ndiko tunataka wawe. Hindi linajifunika lenyewe. Tena serikali ndiyo iliyolisukuma: kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kilitoa mbegu ya mahindi ya kukomaa haraka tangu miaka ya 1960. Msaada wa njaa nao ukaja ukiwa magunia ya mahindi. Ndiyo maana mtu mwenye ndengu ndani ya nyumba anaweza kukuambia "hakuna chakula", akimaanisha mahindi.

Hilo zao moja limeshaua watu. Mwaka 2004 mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yalishika kuvu, kuvu ikatoa sumu ya aflatoksini, watu 317 wakaugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Wengine wenu mlizaliwa mwaka huo. Anayekula mahindi asubuhi, mchana na jioni, yakiwa na sumu anaila mara tatu kwa siku.

Na sisi wa tao tusijitoe hapo. Muthokoi tunaiita chakula cha ushago, na mchana tuko kibandani tunaagiza chapo ndengu.

Kitui ilishatangaza mapinduzi ya ndengu wakati wa Gavana Charity Ngilu, na wakulima wakagawiwa mbegu. Sawa. Lakini mbegu haimwondoi broka pale sokoni. Ninachotaka mimi ni kidogo zaidi. Shule nyingi nchini zinakubali mahindi na maharagwe badala ya karo. Zikubali na ndengu, Januari hiyo hiyo, kwa bei iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu kabla malori hayajafika. Kaunti itoe ile mifuko isiyopitisha hewa ya kuzihifadhia. Zipikwe shuleni, mtoto ale alichopalilia mamake. Broka naye akizitaka, aongeze bei.