Mukene ni Omena

Mwezi uliopita mgeni mmoja alialikwa kuzungumza nasi, wanafunzi wa Kiswahili, juu ya uzalendo. Alizungumza vizuri mpaka alipofika kwenye uchaguzi. Hapo akatutazama, akatikisa kichwa, akasema kwamba vijana wa leo ni wavivu: wana nguvu za kukesha kwenye simu lakini hawana nguvu za kusimama foleni saa moja wapige kura. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Siku ile sikupata nafasi ya kumjibu, kwa hiyo namjibu hapa.

Nina umri wa miaka 22. Nimezaliwa Tororo, mahali ambapo ule mwamba mkubwa unaonekana kutoka kila ua, na nimelelewa Busia upande wa Uganda. Mama yangu huuza dagaa. Tarehe 15 Januari 2026 itakuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura ya rais. Wengi niliosoma nao sekondari wameshaniambia hawatakwenda. Hata Mama, ambaye hajakosa uchaguzi wa rais tangu 1996, anasema safari hii atabaki nyumbani apumzike. Mama huamka saa kumi za usiku kila siku ya Mungu ili awahi mzigo. Mheshimiwa mgeni, ukimwita mwanamke huyo mvivu, basi mimi sijui maana ya neno hilo, ingawa nalisomea.

Dagaa anaouza Mama, upande wetu tunawaita mukene. Ukivuka kwenda Kenya wanaitwa omena. Gunia ni lile lile, samaki ni wale wale, hata mchanga ulioshikamana nao ni ule ule. Kinachobadilika ni jina na noti unazolipia. Ndivyo sisi wa mpakani tunavyoviona vyama vikubwa vya siasa.

Nitoe mfano wa nyumbani. Uchaguzi wa 2021 Mama aligawiwa fulana ya njano ya NRM. Mwaka uliofuata mama yangu mdogo, aliyeolewa upande wa Kenya, alitaka kwenda kwenye mkutano wa UDA kwa sababu alisikia kutakuwa na unga. Hakuwa na fulana. Akaazima ile ya Mama, akaigeuza ndani nje ili maandishi yasisomeke, akaenda. Hakuna aliyemuuliza chochote, kwani rangi ilikuwa ile ile. Unga akapata. Tulicheka sana nyumbani. Nikikumbuka sasa, naona fulana ile ilikuwa imetueleza siasa za nchi mbili kuliko mikutano yote niliyohudhuria.

Sasa twende kwenye hesabu, maana mgeni wetu hakutupa hata namba moja. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura milioni 22.1 katika daftari. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura milioni 7.18, na Raila Odinga akapata milioni 6.94. Waliokuwa kwenye daftari lakini hawakupiga kura walikuwa karibu milioni 7.8. Uganda mwaka 2021 daftari lilikuwa na watu milioni 18.1. Yoweri Museveni alishinda kwa kura milioni 6 hivi, na ambao hawakupiga kura walizidi milioni 7. Msomaji, soma tena namba hizo. Katika nchi zote mbili, waliobaki nyumbani ni wengi kuliko waliomchagua mshindi. Chama kikubwa kuliko vyote hakina bendera, hakina katibu mkuu, wala hakigawi fulana.

Na chama hicho kinakua. Uganda, waliojitokeza mwaka 2016 walikuwa zaidi ya asilimia 67. Mwaka 2021 wakashuka chini ya 60. Kenya walishuka kutoka karibu asilimia 80 mwaka 2017 hadi karibu 65 mwaka 2022. Tena Kenya mtu hujiandikisha kwa kupenda kwake. Maana yake wale milioni 7.8 walishapanga foleni mara moja wakapata nafasi katika daftari. Uvivu hauwezi kueleza jambo hilo. Kuna kitu walikiona katikati ya foleni ya kwanza na ya pili kikawavunja moyo.

Walichokiona ni hiki. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, na tumeyaona. Novemba 2020, Bobi Wine alipokamatwa kwenye kampeni, watu 54 waliuawa katika ghasia zilizofuata, kwa hesabu iliyotolewa na serikali yenyewe. Juni 2024 vijana wa Kenya waliandamana kupinga muswada wa fedha, makumi wakauawa. Lakini wahenga hawakutuambia kwamba fahali wakipatana, nyasi huumia vilevile.

Tazama Kenya. Mama mdogo, pamoja na fulana yake ya kuazima, alimpigia Raila mwaka 2022, kama walivyofanya watu wengi wa kaunti ya Busia. Aliambiwa kwamba kura ile ilikuwa ya kuipinga serikali ya Ruto isije. Ikaja. Akaambiwa basi chama chake kitakuwa upinzani na kitamtetea. Agosti 2024, damu ya vijana haijakauka barabarani, viongozi wakubwa wa ODM wakaapishwa kuwa mawaziri wa serikali ile ile, pamoja na wizara ya fedha. Machi 2025 vyama viwili vikatia saini mkataba wa kushirikiana. Marehemu Raila amepumzika tangu Oktoba 2025, nami sisemi neno baya juu ya marehemu. Nauliza swali moja tu kwa niaba ya mama mdogo: kura yake ilikwenda wapi? Alichagua upinzani, akaamka yumo serikalini, na bei ya unga haijui kwamba ameingia serikalini.

Tazama kwetu Uganda. Chama cha DP ni cha zamani kuliko uhuru wenyewe. Mababu zetu Tororo waligombana kwa ajili ya DP na UPC hata ndoa zikavunjika. Julai 2022 kiongozi wa DP, Norbert Mao, alitia saini makubaliano na NRM na akapewa uwaziri wa sheria. Nani katika wanachama wa kijijini aliulizwa? Na ndani ya NRM kwenyewe, Julai 2025 wagombea wa ubunge waliteuliwa kwa watu kupanga mstari nyuma yao, jirani akimwona jirani, mwenye deni akimwona anayemdai. Mume wa mama mdogo aliposikia habari hiyo alicheka kwa uchungu. Akasema Wakenya waliuonja mlolongo mwaka 1988 chini ya KANU, na aliyekuwa na mstari mfupi akatangazwa mshindi.

Wala ugonjwa huu si wa jana. Wasamia wa pande zote mbili wanajivunia ndugu wawili wa ukoo wa Awori. Moody alikuwa KANU kwa miaka mingi, akahamia NARC, na mwaka 2003 akawa makamu wa rais wa Kenya. Mdogo wake Aggrey alikuwa UPC, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001 dhidi ya Museveni, kisha akaingia NRM na mwaka 2009 akawa waziri wa Museveni yule yule. Nawataja kwa heshima, kwani walikuwa wasomi na walifika mbali. Lakini mtoto wa Busia anayekua akisikia habari zao anajifunza nini kuhusu chama? Kwamba chama ni daraja. Ukishavuka, huna haja nalo.

Hata wanasiasa wenyewe wanajua vyama havina maana. Bunge la Uganda lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge huru zaidi ya 70, wengi kuliko chama chochote cha upinzani, na sehemu kubwa yao ni watu walioshindwa kwenye kura za mchujo za NRM. Upande wa pili, Paul Otuoma aliiacha ODM mwaka 2017 baada ya mzozo wa uteuzi, akagombea ugavana wa Busia akiwa mgombea huru, akashindwa. Mwaka 2022 akarudi na tiketi ya ODM ile ile, akashinda. Kama wao wanavivua vyama na kuvivaa kama koti la mvua, kwa nini sisi tulaumiwe tukikataa kuvipenda?

Na ahadi? Tororo tunajua ahadi. Swali la kuigawa wilaya, na nani abaki na mji kati ya Wajopadhola na Waiteso, limetokota kwa zaidi ya miaka 20. Kila kampeni chungu hurudishwa jikoni, moto unachochewa, harufu inasikika mpaka Malaba, uchaguzi ukiisha chungu kinateremshwa bila chakula kuiva. Kinachobaki ni majirani wanaotazamana vibaya kisimani. Ndiyo maana mimi siwacheki watu wanaopokea sukari na sabuni za wagombea. Katika ahadi zote, sukari ndiyo peke yake inayofika.

Hapa nimemaliza na mgeni wetu. Lakini nina ugomvi mwingine, nao ni na rafiki zangu.

Wanasema: tukae nyumbani, huo ndio ujumbe wetu. Naelewa kinachowasukuma. Wengine ni hasira, wengine ni hofu, na hofu ina sababu. Novemba 2024 Kizza Besigye alitekwa Nairobi, akaibukia Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwaka 2025 Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walitekwa Uganda wakati wa kampeni, wakakaa wiki kadhaa bila kujulikana walipo, kisha wakarudishwa kwao kupitia hapa hapa Busia. Mama anavuka na gunia la dagaa anaulizwa karatasi tatu. Wenye nguvu wakitaka kumvusha mtu, hawaulizwi hata moja. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba hofu yake ni upuuzi.

Ninachowaambia rafiki zangu ni kwamba ujumbe wao haufiki. Sheria za nchi zote mbili zinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Zilizopigwa, si za walioandikishwa. Kila anayebaki nyumbani anapunguza kura ambazo mshindi anazihitaji. Unadhani umemnyima, kumbe umempunguzia mzigo. Yule aliyegawa sabuni atakuwa na watu wachache wa kuwagawia. Ile milioni 7 na ushee ya kila upande ilitoa ujumbe gani? Ni waziri gani aliyejiuzulu kwa sababu yake? Ukimya wetu wao wanausoma kama ridhaa, na sisi hatuna wakala kituoni wa kuwasahihisha.

Kwa hiyo mimi nitakwenda, na nitasema wazi ninakwendea nini. Siendi kupenda chama. Ninakwenda nikijua kwamba aliye karibu nami kwenye karatasi za kura ni diwani, ambaye hatazamwi na mtu. Mwaka jana choo cha upande wa wauza dagaa kilifungwa kwa miezi mitatu, na Mama na wenzake wakawa wanalipa nyumba za jirani ili wajisaidie. Ushuru wa soko haukufungwa hata siku moja. Jambo hilo halikuamuliwa na rais. Liliamuliwa na watu ambao tunawachagua kwa kura chache mno, siku ambazo vituo vinakuwa vitupu hata mbwa wanalala mlangoni. Huko kura yangu na za wanafunzi wenzangu 20 zinaweza kumwangusha mtu, na yeye anajua.

Na kila mgombea anayekuja sokoni, wa njano, wa mwekundu au asiye na rangi, tumekubaliana na wanawake wa dagaa kumuuliza swali moja mbele ya watu: baada ya uchaguzi utabaki upande tuliokuchagulia, au utavuka? Mpaka sasa wameulizwa watatu. Mmoja aliapa. Mmoja alisema siasa haina adui wa kudumu. Wa tatu alicheka, akatoa noti, akanunua mukene bila kupunguziwa bei. Mama alichukua noti, akamrudishia chenji yake yote, akamwambia, "Baba, bado hujajibu."

Siku ya kura zitahesabiwa pale pale kituoni, mbele ya watu, kama sheria inavyotaka. Nitabaki mpaka namba ya mwisho isomwe. Mama bado anasema atalala. Sijamlazimisha, ana haki ya kuchoka kuliko mimi.

Mheshimiwa mgeni, ukialikwa tena kuzungumza juu ya uzalendo, usianze na sisi. Anza na vyama. Usiwaulize vijana kwa nini hawataki kuamka mapema siku ya kura. Waulize wakuu wa vyama wataamkia kwa nani kesho yake.